Namba ya Kirumi kwenye majina ya chuma na shaba: inatoka wapi na inapatikanaje

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili huku Mbozi. Kwenye jaribio nilipewa Fe₂(SO₄)₃, nikaandika salfeti ya chuma, nikakosa. Na₂SO₄ nikaandika salfeti ya sodiamu, nikapata. Rafiki yangu aliandika salfeti ya chuma(II) kwa sababu chini ya Fe kuna 2, naye akakosa. Halafu baba ana dawa ya kupiga kwenye kahawa, ni unga mwekundu, pakiti imeandikwa oksidi ya shaba. Maabara ya shule yetu ina oksidi ya shaba, lakini ni nyeusi tii. Ipi ni ya kweli? Na hiyo namba ya Kirumi naipataje bila kukariri kila kampaundi?"

Marahaba mwanangu. Nianze na dawa ya baba, maana jibu la maswali yako yote limo humo.

Oksidi zote mbili ni za kweli. Ule unga mwekundu ni Cu₂O, na ule mweusi wa maabara ni CuO. Zote ni shaba na oksijeni tu, hakuna kingine ndani yake, na bado ni vitu viwili tofauti kabisa: rangi mbali, uzito wa shaba ndani yake mbali (nyekundu ina takriban asilimia 89 ya shaba kwa uzito, nyeusi asilimia 80), matumizi mbali. Ile nyekundu ndiyo inayopigwa kwenye mikahawa kuzuia chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani. Sasa ukisema "oksidi ya shaba" ukanyamaza, anayekusikiliza hajui umemaanisha ipi. Kwa hiyo tunasema oksidi ya shaba(I) kwa nyekundu na oksidi ya shaba(II) kwa nyeusi. Namba ya Kirumi haina kazi nyingine zaidi ya hiyo: kukuambia shaba iliyomo ni shaba ya chaji gani.

Hapo ndipo rafiki yako alipoteleza. Namba ya Kirumi haihesabu atomu. Inataja chaji ya ayoni moja ya metali (ayoni ni atomu, au kundi la atomu, lenye chaji). Ile 2 iliyo chini ya Fe inasema zipo ayoni mbili za chuma. Haisemi kila moja ina chaji gani. Angalia hata mfano wa shaba: kwenye Cu₂O kuna 2 chini ya Cu, lakini jina lake ni shaba(I). Kwenye CuO hakuna namba yoyote chini ya Cu, na jina lake ni shaba(II). Ukifuata njia ya rafiki yako utazibadilishana zote mbili.

Kwa nini basi sodiamu haisumbui? Sodiamu ina elektroni moja tu kwenye tabaka la nje. Kuiondoa hiyo ni rahisi. Ukitaka kuondoa ya pili unaingia tabaka la ndani lililojaa, na nishati inayohitajika inaruka hadi takriban mara tisa ya ile ya kwanza. Katika kemia ya kawaida hakuna kinacholipa gharama hiyo, kwa hiyo sodiamu ni Na⁺ siku zote. Ukisema salfeti ya sodiamu, msikilizaji hana pa kupotelea.

Chuma ni habari nyingine. Mpangilio wa elektroni mnaoandika darasani ni 2:8:14:2. Zile mbili za nje hutoka kwanza, tunapata Fe²⁺. Lakini elektroni za mwisho katika lile tabaka la 14 zina nishati inayokaribiana na hizo mbili za nje, kwa hiyo moja zaidi inaweza kutoka bila gharama ya kutisha, tukapata Fe³⁺. Ya tatu hudai takriban mara mbili ya nishati ya ile ya pili, si mara tisa. Ndivyo zilivyo metali za mpito karibu zote, zile za katikati ya jedwali la elementi: zina elektroni za akiba karibu na mlango. Manganizi ndiyo iliyopitiliza; unaweza kukutana nayo ikiwa II, IV, VI au VII.

Na usidhani Fe²⁺ na Fe³⁺ ni mambo ya vitabuni tu. Udongo mwekundu unaouona ukipandisha barabara za nyanda zetu umepata rangi kutoka kwa oksidi ya chuma(III). Shuka bondeni, kwenye vinyungu vya Iringa na Njombe, mahali maji yanaposimama mwaka mzima: chimba kidogo, utakuta udongo wa kijivu, pengine wenye ukijani. Hewa haifiki huko chini, vijidudu vya udongo vimekigeuza chuma kuwa chuma(II), nacho kimeyeyuka au kimepoteza wekundu. Maji hayo yakitoka kwenye mfereji na kukutana na hewa, yanaacha tope la rangi ya chungwa kando ya mtaro. Ni chuma kilekile, kimerudi kuwa (III). Hivyo mwalimu wako alipokataa "salfeti ya chuma" hakuwa mkali bure. Chuma(II) na chuma(III) vinatenda tofauti hata shambani.

Sasa njia ya kuipata namba. Mimi huwaambia wanafunzi: usianze na metali, anza na upande wa hasi. Metali ndiyo inayobadilika badilika. Ayoni hasi zina msimamo. Ukizijua hizi chache kwa moyo, kazi imekwisha: kloridi, naitreti na haidroksidi ni 1−, oksidi, salfidi, salfeti na kaboneti ni 2−, fosfeti ni 3−. Hizo ndizo ninazokuruhusu kukariri, na ni chache kuliko majina ya wachezaji wa timu yako.

Ichukulie chaji hasi kuwa deni. Kampaundi nzima haina chaji, maana yake deni lazima lilipwe lote, na wanaolipa ni atomu za metali, kwa mafungu sawa.

Twende na Fe₂(SO₄)₃. Salfeti moja ina deni la 2. Zipo salfeti tatu, deni lote ni 6. Walipaji ni chuma wawili. Kila mmoja analipa 3. Kwa hiyo kila chuma ni 3+, na jina ni salfeti ya chuma(III). Ukiulizwa FeSO₄: deni ni 2, mlipaji mmoja, salfeti ya chuma(II). Cu₂O: deni 2, walipaji wawili, kila mmoja 1, ndiyo shaba(I). CuO: deni 2, mlipaji mmoja, shaba(II). MnO₂, ule unga mweusi wa ndani ya betri za tochi: oksijeni mbili, deni 4, mlipaji mmoja, oksidi ya manganizi(IV).

Umeona hatukukariri kampaundi hata moja.

Kuna njia ya mkato inayopendwa sana madarasani, ya kuvusha namba: unachukua chaji ya huyu unaiweka chini ya yule, msalaba. Kwenda mbele, yaani kutoka jina kwenda fomula, siikatai, ilimradi ukumbuke kurahisisha. Lakini kurudi nyuma, kutoka fomula kwenda jina, ni mtego mbaya. Mpe mwanafunzi wa msalaba FeO. Anaona 1 na 1, anaandika chuma(I). Mpe MnO₂, anaona 2 chini ya oksijeni, anaandika manganizi(II). Amesahau kwamba fomula hizo zilikwisha kurahisishwa kabla hazijamfikia, na namba za mwanzo zilifutika. Njia ya deni haina tatizo hilo, kwa sababu inauliza oksijeni ina chaji gani kwa tabia yake, haiulizi kimeandikwa nini chini.

Kwenda upande wa pili, kutoka jina kwenda fomula, jina lenyewe limekupa nusu ya kazi. Chukua fosfeti ya shaba(II). Shaba ni 2+, fosfeti ni 3−. Tafuta KDS, kigawe kidogo cha shirika, kama ulivyofanya na sehemu shule ya msingi: KDS ya 2 na 3 ni 6. Ili kupata 6 chanya unahitaji shaba tatu. Ili kupata 6 hasi unahitaji fosfeti mbili. Cu₃(PO₄)₂. Oksidi ya titani(IV): 4+ na 2−, KDS ni 4, titani moja na oksijeni mbili, TiO₂. Anayevusha msalaba bila kurahisisha ataleta Ti₂O₄, na hiyo ni kosa, kwa sababu fomula ya kampaundi ya ayoni hutaja uwiano mdogo kabisa.

Mabano yanawaponza wengi kuliko hesabu yenyewe. Haidroksidi ya chuma(III) ni Fe(OH)₃. Ukiandika FeOH₃ umesema oksijeni moja na hidrojeni tatu, kitu ambacho hakipo. Mabano yanahitajika pale tu ayoni yenye atomu zaidi ya moja inapojirudia. Ikiwa ni moja, acha: FeSO₄, si Fe(SO₄). Wala usiweke mabano kwenye atomu moja. Fe(Cl)₃ inakera macho, andika FeCl₃.

Na uandishi wa jina: namba ya Kirumi inagandana na jina la metali, haiachiwi nafasi, nayo inakaa kwenye mabano. Kwenye karatasi ya mtihani, ambayo huja kwa Kiingereza, jina la metali hutangulia na la ayoni hasi hufuata. Namba inabaki palepale, mgongoni mwa metali.

Utauliza kama kila metali ya katikati ya jedwali inadai namba. Hapana. Zinki ni 2+ daima, fedha karibu siku zote ni 1+. Vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayeharisha vina salfeti ya zinki, ZnSO₄, na ukiandika zinki(II) hujakosea kikemia, umeongeza tu kisichohitajika. Oksidi ya fedha ni Ag₂O, basi. Zinki haibadiliki kwa sababu ikishatoa zile mbili za nje, tabaka linalobaki limejaa 18 kamili na halina sababu ya kuachia nyingine. Kinyume chake, zipo metali ambazo si za mpito lakini zinadai namba: risasi na bati, kila moja ikiwa II au IV. Kwa hiyo usiulize "je, hii ni metali ya mpito?" Uliza "je, metali hii ina chaji zaidi ya moja?"

Majina ya zamani utayakuta bado, hasa kwenye dawa. Mama mjamzito akienda kliniki hupewa vidonge vya kuongeza damu, na kwenye kopo utasoma feras salfeti. Feras ni chuma(II), ferik ni chuma(III). Kwa shaba, kupras ni (I) na kuprik ni (II). Utaratibu wake ulikuwa kwamba mwisho wa "-as" ni chaji ndogo na "-ik" ni kubwa. Kasoro yake unaiona mara moja: feras ni 2 lakini kupras ni 1, kwa hiyo jina linakuambia ndogo bila kukuambia ni ngapi. Na manganizi yenye chaji nyingi utaipa miisho mingapi? Mwaka 1919 mkemia wa Ujerumani, Alfred Stock, akapendekeza chaji itajwe waziwazi kwa namba, na ndio mtindo tunaoutumia mpaka leo. Ubaya wa pakiti ya baba ni kwamba haikutumia mtindo wowote kati ya hiyo miwili.

Huyo Stock maisha yake yana jambo linalotuhusu sisi wa huku. Alifanya kazi miaka mingi na vyombo vya zebaki kwenye maabara isiyopitisha hewa vizuri, mvuke ukamdhuru: maumivu ya kichwa, kusahau, kuishiwa nguvu. Alipojua chanzo, mwaka 1926 akachapisha onyo kali juu ya mvuke wa zebaki. Wachimbaji wadogo wa Chunya wanaochenjua dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma mvuke ukapanda, wanavuta kitu kilekile alichokionya. Kama una kaka au mjomba huko, mwambie asichomee ndani ya nyumba, wala karibu na watoto.

Zebaki hiyohiyo ina kituko katika fomula. Kloridi ya zebaki(II) ni HgCl₂, haina shida. Kloridi ya zebaki(I) ni Hg₂Cl₂, na mwanafunzi mwenye akili huuliza kwa nini haikurahisishwa kuwa HgCl. Sababu ni kwamba zebaki(I) haitembei peke yake. Atomu mbili zimeshikana, na ayoni yenyewe ni Hg₂²⁺, jozi moja yenye chaji 2+. Ukigawa deni utapata 1 kwa kila zebaki, ndiyo maana jina ni (I), lakini huwezi kuivunja jozi kwa kalamu. Hii ndiyo kampaundi ya pekee ya aina yake utakayokutana nayo kwa sasa, kwa hiyo ijue na usonge mbele.

Kuna nyingine inayovunja hesabu, na hii iko jirani. Mlima wa Liganga, wilaya ya Ludewa kule Njombe, una chuma kingi cha aina ya magnetaiti, kikiwa kimechanganyika na titani na vanadi. Fomula ya magnetaiti ni Fe₃O₄. Lipa deni: oksijeni nne, deni 8, walipaji watatu. Nane kwa tatu haigawanyiki. Je, njia imeshindwa? Hapana, ila lile sharti la mafungu sawa halifanyi kazi hapa. Ndani ya magnetaiti wamo chuma wa aina mbili: mmoja analipa 2, wawili wanalipa 3 kila mmoja, jumla 8. Jina lake ni oksidi ya chuma(II,III). Ukipata sehemu badala ya namba nzima kwenye kampaundi ya metali ya mpito, usifute hesabu ukidhani umekosea. Shuku kwanza kwamba metali imo kwa chaji mbili.

Pamanganeti ya potasiamu, zile chembe za zambarau zinazouzwa duka la dawa, KMnO₄, inawachanganya watu kwa sababu nyingine. Manganizi ni metali, lakini hapo haijakaa upande wa chanya. Imejificha ndani ya ayoni hasi, MnO₄⁻. Anayelipa deni ni potasiamu, mmoja kwa 1, na potasiamu haihitaji namba. Ukitaka kujua manganizi ya humo ndani iko katika hali gani: oksijeni nne ni hasi 8, ayoni nzima inabaki na hasi 1, kwa hiyo manganizi ni 7. Ndiyo maana jina lake rasmi ni manganeti(VII) ya potasiamu. Namba imeandikwa kwenye manganeti, si kwenye potasiamu. Mahali inapokaa panakuonyesha ni metali ipi inayozungumziwa.

Mwisho ni mrututu, yale mawe ya buluu ambayo wakulima huchanganya na chokaa kutengeneza dawa ya ukungu. Ni salfeti ya shaba(II), lakini fuwele zake zimebeba maji: CuSO₄·5H₂O. Maji hayana chaji, hayaongezi deni wala hayalipi, kwa hiyo unapotafuta namba yapuuze kabisa. Ukizipasha moto maji yanatoka na buluu inageuka unga mweupe; chaji ya shaba inabaki 2+ vilevile.

Chukua daftari, jaribu hizi kabla hujasoma majibu. Taja majina: FeCO₃, Cr₂(SO₄)₃, CuCl, Mn(NO₃)₂, Ag₂O. Andika fomula: oksidi ya vanadi(V), salfidi ya nikeli(II), fosfeti ya chuma(II), fosfeti ya chuma(III).

Majina ni kaboneti ya chuma(II), salfeti ya kromi(III), kloridi ya shaba(I), naitreti ya manganizi(II), na oksidi ya fedha bila namba. Fomula ni V₂O₅, NiS, Fe₃(PO₄)₂ na FePO₄. Ukiwa umeandika Fe₃(PO₄)₃ kwenye hiyo ya mwisho, ulivusha msalaba ukasahau kurahisisha: 3+ na 3− zinalipana moja kwa moja.